Fundi wa Tooting aliyekataa hariri ya Margaret

Saa moja asubuhi, Tooting, kusini mwa London. Juu ya duka la vyombo, Bi Minal Sodha anapiga pasi gauni la sufi nzito, rangi ya makaa. "Mikono bado ni mirefu," anasema, pini zikiwa midomoni.

Bi Minal, 65, amekuwa fundi cherehani kwa miaka 44. Siku hizi huwashonea watu waliokufa zamani: jumba dogo la makumbusho karibu na Daraja la London humwagizia nguo za sanamu zake.

Mwaka jana alimvika Peter wa Colechurch, padri aliyeanza kulijenga daraja hilo kwa mawe mwaka 1176, akafa kabla halijakamilika. Kanzu yake ilimchukua siku nne.

Margaret Roper amemchukua wiki sita.

Baba yake Margaret, Thomas More, aliyewahi kuwa waziri mkubwa wa mfalme, alikatwa kichwa kwa amri ya mfalme huyo mwaka 1535, na kichwa kikachomekwa kwenye ncha ya mti mrefu darajani hapo, kama walivyofanyiwa waliohukumiwa kwa uhaini. Inasimuliwa kwamba binti huyo alizungumza na mlinzi, akakipata, akaenda nacho nyumbani.

Makumbusho yaliagiza hariri ya samawati. Bi Minal aliishona, akaimaliza, kisha akakataa kuikabidhi. Leena, msimamizi wa maonyesho, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake walitoka Nairobi, alimpigia simu mara tatu. Alimweleza kuwa ufunguzi umekaribia na kwamba kazi ingepewa mwingine.

Bi Minal akapanda treni kwenda kumwona, akamweleza jambo ambalo hata wanawe hawakuwa wamelisikia.

Mwaka 1968 baba yake, mwenye duka la vitambaa Kisumu, alifariki wiki chache kabla ya familia kuhamia Uingereza. Mama yake alipanda ndege na majivu ya mumewe ndani ya kopo la majani ya chai, akalipakata safari nzima. Mhudumu alipotaka kuliweka juu pamoja na mizigo, alikataa.

"Mama alivaa sari ya pamba, ile ya jikoni," anasema Bi Minal. "Hariri inateleza. Anayembeba mtu wake huvaa kitu kinachoshika."

Leena alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kuwa angezungumza na wakuu wake. Siku ya tano alipiga simu, na safari hii kwa Kiswahili: "Anti, shona ya sufi."

Maonyesho yanafunguliwa Ijumaa. Baada ya hapo Bi Minal ana kazi nyingine: sanamu ya mwanamke asiye na jina, atakayewawakilisha wachuuzi wa pini na sindano waliokuwa zamani na maduka juu ya daraja lile. Hakuna picha ya kuiga. Fundi ameachiwa achague kila kitu.

"Wakubwa nimewashonea vya kutosha," anasema. "Huyu namjua. Nitamwekea mifuko mikubwa, na soksi nzito, maana anasimama kutwa."