Sikio la Zulfa na Vumbi la Uwele

Siku ile ya kupura uwele nyumbani kwa mama mkwe wangu, huko vilimani Kondoa, naikumbuka mpaka harufu yake. Wewe mwanangu uwele unaununua sokoni ukiwa umeshasagwa, hujui unavyowasha. Vumbi lake huingia shingoni, puani, hata kwenye kope. Mtu mzima hujikuna huku anacheka. Lakini binti yangu Zulfa alikuwa hajatimiza miaka miwili, na kwake halikuwa jambo la kuchekesha.

Mimi na baba yake tulikuwa tukiishi Ipagala, mjini Dodoma. Mtoto akipigwa na vumbi kidogo tu, macho yanakuwa mekundu, pua inatiririka, chafya hazikatiki. Daktari alitwambia ni mzio. Baada ya pua huja sikio: analivuta, analia, homa inapanda, kisha usaha unatoka. Tunatibu, anapona, tunashukuru. Upepo wa kiangazi ukianza kuvuma, tunarudi kule kule. Dawa nilimpa mpaka ikaisha kama nilivyoagizwa, hata sikio likiwa limeshakauka na majirani wananicheka kwamba namlisha mtoto dawa kama uji. Hilo najivunia, wala sioni haya kulisema.

Sasa, kwa akina mume wangu kulikuwa na desturi. Mjukuu wa kwanza lazima siku ya kupura awepo uwanjani, mgongoni kwa mama yake, ili mavuno yamjue. Tuliitwa, tukaenda. Nilimfunika kwa kanga na kukaa upande usiofikiwa na upepo, lakini vumbi la uwele haliombi ruhusa. Kesho yake asubuhi sikio lilikuwa linatoa usaha tena.

Mama mkwe wangu, Bi Hawa, alikuwa ndiye tabibu wa masikio wa kijiji kizima, tena hakumtoza mtu chochote. Dawa yake ilikuwa mafuta ya alizeti yaliyochemshwa na kitunguu saumu, yakapoa kidogo, yakatiwa sikioni kwa pamba. Watoto wangapi walipita mikononi mwake! Na wengi walipona, nisimnyime haki yake. Akaja na kibakuli, na wanawake waliokuwa uwanjani wakasogea kutazama.

Nikapiga magoti, nikamkumbatia mwanangu.

"Mama, nakuomba radhi. Mafuta usimtie."

"Nisimtie nini?" akauliza, kana kwamba nimesema kwa lugha ya ng'ambo.

"Daktari alimtazama akasema ngoma ya sikio imetoboka. Kitu chochote kikitiwa kinapitiliza ndani, kinamharibu. Mama, huyu siku hizi nikimwita hageuki."

Mmoja wa wale wanawake akaguna. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, wenzake wakaitikia. Mwanangu, nilikuwa mgeni katika ukoo ule, na kumkatalia mama mkwe mbele za watu si mchezo. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sikunyanyua sauti, wala sikumwachia mtoto.

Bi Hawa alizunguka akasimama nyuma ya Zulfa, aliyekuwa amekaa chini kati ya mikono yangu akichezea masuke. Akamwita taratibu, kwa ile sauti ya bibi anayeficha karanga kwenye kanga. Mtoto kimya. Akaita tena kwa nguvu kidogo, kimya. Alipopaza sauti kabisa ndipo Zulfa akageuka, akacheka, akanyoosha mikono abebwe.

Nilimwona yule mama uso ukimbadilika. Alikitazama kibakuli chake, akamwaga mafuta pembeni ya uwanja, wote wakiona.

"Na hili vumbi?" akaniuliza. "Ndilo linalomwanzishia?"

"Ndilo, mama. Likimwingia puani, haipiti siku nyingi sikio linafuata."

Akawageukia wenzake. "Basi mavuno yameshamjua, inatosha. Na wewe, fungasha. Tunakwenda wote Dodoma, huyo daktari nimsikie mwenyewe."

Alimbeba mgongoni njia nzima, hakunipokeza. Hospitalini nilitaka kucheka. Daktari alikuwa binti mdogo, akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kisha akamwandama kwa maswali. Kwa nini pua iumize sikio? Daktari akamweleza kwamba kuna kijinjia kutoka nyuma ya pua hadi sikioni. Mzio ukivimbisha pua, kile kijinjia kinaziba, maji yanatuama ndani na kuoza. Bi Hawa akatikisa kichwa. "Kumbe mnatibu mwisho wa mfereji wakati mwanzo umeziba," akasema. Daktari akakubali, akampa mtoto dawa ya sikio na ya mzio pia, na kutuagiza tumrudishe apimwe usikivu.

Haikuwa kazi ya mara moja, nisikudanganye. Tatizo la sikio lilirudi tena, nasi tukarudi tena hospitali. Lakini tulikuwa na mlinzi. Bi Hawa alihamia kwetu Ipagala msimu ule. Jiko la mkaa akalitoa barazani, akalipeleka nyuma ya nyumba. Mkwe wake wa kiume, mume wa wifi yangu, mvutaji hodari wa sigara, alikuwa akija kutusalimia anavutia barabarani kama mtoro. Uji mtoto akapewa akiwa ameketi, si amelazwa, usije ukaingia kwenye kile kijinjia. Blanketi zikakung'utwa mbali, sakafu ikapigwa deki badala ya kufagiliwa kavu.

Kisha ikaja asubuhi moja. Bi Hawa alikuwa akichambua mlenda, anaimba kwa Kirangi chini chini, wimbo wa kubembelezea watoto. Zulfa alikuwa amempa mgongo. Mara nikamsikia mtoto anaufuata ule wimbo kwa sauti yake ndogo, bila kugeuka. Bibi akanyamaza, mtoto akaendelea. Yule mama nisiyewahi kumwona akilia alijifunika uso kwa kanga, nami nikalia naye.

Tangu hapo, kila mama aliyemletea mtoto anayeumwa sikio kule kijijini, Bi Hawa alimpa jibu moja, tena kwa majivuno: "Sikio si chungu cha kutiwa mafuta. Mpeleke akatazamwe. Mkamwana wangu ndiye aliyenifundisha." Mkamwana wangu! Niliposikia hivyo nikavimba kichwa mpaka leo.

Basi mwanangu, mdharau mwiba mguu huota tende. Sikio linalorudi rudi usilizoee, wala usilitie kitu kwa kubahatisha. Mtoto atazamwe, dawa imalizwe, na kinachomwasha pua kitafutwe, maana huko ndiko shida huanzia. Akiacha kuitikia, usimwite mtukutu, mpeleke akapimwe. Na mkubwa wako akikosea juu ya mwanao, mwambie kwa magoti na kwa ukweli, vyote viwili. Wengi hufikiri wazee hatufundishiki. Hatujaambiwa kwa adabu tu.

Mungu akukuzie wanao. Akujalie mama mkwe kama niliyejaliwa mimi, na siku ikifika ya wewe kuitwa mkwe, akupe moyo wa kumwaga mafuta yako mbele za watu. Amina.