Darla Kumi na Watatu

Dada yangu Darla Stiltner aliomba kusomea udaktari mara mbili, akakataliwa mara mbili. Ya tatu akasema ndiyo ya mwisho. Ikishindikana, atabaki kuwapima watu presha kwenye duka la dawa mpaka azeeke.

Kila chuo hutangaza kinathamini nini, kisha humtaka mwombaji aandike insha ya kuonyesha kwamba wanafanana. Darla akachonga Darla kumi na watatu. Yule wa chuo cha utafiti alipenda panya wa maabara kuliko watu. Yule wa chuo cha watawa alisali kumshinda bibi yetu. Mimi niliyeachia masomo njiani ndimi niliyekuwa nikisahihisha, kwa hiyo nawajua wote, na hakuna hata mmoja niliyelelewa naye.

Chuo cha hapa kwetu West Virginia kinatafuta madaktari wa vijijini. Wa chuo hicho akawaandikia: "Nitarudi Birch Lick kuyatibu mapafu yaliyonilisha." Darla ninayemjua mimi hamalizi siku mbili Birch Lick, kijijini kwetu, bila kuumwa kichwa.

Lakini insha ilikuwa tamu, nami mjinga nikaichapisha nikampa baba.

Baba yetu, Royce, alichimba makaa ya mawe miaka thelathini na mmoja. Vumbi limemharibu mapafu, sasa anatembea na mtungi wa oksijeni. Kliniki ya kijijini ilishafungwa, na daktari wa mapafu yuko mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Baba alikuwa amekubali kuuza nyumba ahamie kwa shangazi kule mjini Columbus, karibu na hospitali. Akaisoma insha mara mbili, akavua miwani, akampigia mnunuzi simu kumwambia hauzi tena. Atamngoja Darla. Miaka minane hivi, alihesabu kwa vidole.

Nilipomwambia Darla alinitukana kwanza, kisha akaja. Wiki hiyohiyo chuo cha hapa kwetu kilikuwa kimemwita kwenye usaili. Tulimkuta baba anamenya viazi.

"Baba, ile niliwaandikia wao," Darla akasema. "Ndivyo wanavyotaka kusikia."

"Na hayo mapafu ni ya nani?"

"Yako."

"Basi usinifundishe kusoma, mwanangu."

Darla akamweleza wazi kwamba hatarudi, na kwamba hata angerudi, mapafu yale hayana miaka minane. Baba akaendelea na viazi vyake. Alisema tu kwamba mtu hubadilika, na kwamba mnunuzi keshapata nyumba nyingine.

Alhamisi nikampeleka Darla kwenye usaili. Alipotoka tukaondoka, tukasimama njiani kujaza mafuta.

"Wameniuliza kama kweli nitarudi," akasema.

"Ukawajibuje?"

"Nimewaambia baba yangu yuko kule ananingoja."

"Wakasemaje?"

"Wameyaandika," akasema, akageukia dirishani.