Alama Pajani mwa Ngamia

Batula alijifunza Kiswahili kwa kuuza maziwa sokoni Garissa, na mwaka wa 1966 Kiswahili hicho kilimtia matatani. Kambini mwao hakuna mwingine aliyekijua. Wanajeshi walipowazingira, wakimburura ngamia aliyenaswa amebeba risasi za mashifta, waasi wa mpakani, ni yeye aliyesukumwa mbele amkalimanie baba yake, mzee Dekow.

“Mama, muulize mzee,” afisa alisema. “Hii alama ya moto hapa pajani ni ya nani? Ikiwa yenu, tunachukua ngamia wote.”

Batula aliijua. Ukoo mzima ulichoma alama hiyo hiyo. Lakini ngamia wao wachache walikuwa wamepiga magoti, tayari kuhama. Siku hizo hata majike wa maziwa walibebeshwa, na mikeka ya nyumba iliwafunika hadi mapajani, ikazificha alama.

“Mwambie ni yetu,” mzee alisema kwa Kisomali.

“Aabo, watoto watakunywa nini?”

“Nilikulea uje kuikana alama ya babu zako?”

Batula alimgeukia afisa. “Anasema haijui, bwana.”

Afisa aliguna, akawaashiria watu wake waondoke. Mzee akatazama wanavyogeuka.

“Umewaambiaje, wewe?”

Dekow akamwendea ngamia wa karibu, akainua mkeka kwa fimbo, akabandika kiganja juu ya alama. Kisha, bila haraka, afisa akitazama, akakibandika kwenye alama ya yule ngamia aliyenaswa.

Batula aliachama. Alisikia wanajeshi wakikata kamba, mikeka ikianguka, ngamia wakilia, wakiswagwa kuelekea barabarani.

“Umetuua, Aabo! Kwa mkono wako!”

Hakuna aliyemuunga mkono. Badala yake, na hilo lilimshtua kuliko bunduki, watu walimzunguka mzee yule yule.

“Sasa twende wapi, Aabo Dekow?” aliuliza Safiyo, mke wa kaka yake, machozi hayajakauka.

“Mtoni. Kwa miguu.”

Batula alitaka kuwacheka. Akakumbuka ugomvi wa visima, watu wameshashika mikuki, na huyu huyu akaumaliza kwa neno lake tu; hata maadui hawakumdai kiapo. Mtu wa namna hiyo umfanyeje? Alimchukia hata hivyo.

“Usinisemeshe leo,” alimwambia.

Akainama, akajitwika mkeka uliokuwa mzito kuliko yote, akamfuata nyuma.