Siku Shemeji Alipoingia Kula

Mtaa wetu una ugonjwa mmoja: mkahawa haukai. Nimekaa kwenye kona hii nikishona viatu kwa miaka kumi na tisa, na ng'ambo ya barabara, katika nyumba moja tu ile yenye baraza la vigae vyekundu, nimeona mikahawa kumi ikifunguliwa. Wa mwanajeshi mstaafu ulidumu mwaka na nusu, na huo ndio uliojaliwa umri mrefu. Wa ndugu wawili waliochukiana ulikufa rangi ya mlango bado inanuka. Kila anayekuja anapaka rangi mpya, anapachika ubao wenye jina la kujitapa, anagawa juisi ya bure siku ya kwanza, na sisi majirani tunainywa hiyo juisi huku tukitazamana kwa pembe ya jicho. Hatusemi kitu. Ukisema, wewe ndiye mchawi.

Mkahawa ukifa, lazima aje mtu wa kuchukua vyombo. Kwetu mtu huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Kazi yake ni kununua meza, viti, majiko na majokofu ya mikahawa iliyofungwa, kuvitengeneza katika banda lake nyuma ya kituo cha mafuta, kisha kuwauzia wanaofungua. Kuna meza moja ya mviringo imeingia nyumba ile ya vigae mara nne, kwa wenyewe wanne tofauti, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anaikaribisha tena.

Shemeji ni mpole, mpole wa kuudhi. Alipoanza kazi aliona jinsi mtu anavyoaibika viti vyake vikipakiwa kwenye pikapu mchana kweupe, wapita njia wamesimama kutazama. Akatafuta mashuka meupe ya mitumba, akawa anafunika kila kitu kabla hakijatoka mlangoni. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Lakini mimi nina mdomo, na shemeji ni mtani wangu, basi siku moja, kiatu cha mtu kikiwa mkononi, nikampigia kelele kutoka ng'ambo: "Wewe Sanda! Leo umekuja kumvisha nani?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka. Haukupita mwezi, hata watoto wa shule walikuwa wanamwita Sanda.

Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani najificha: jina lile nililitunga mimi.

Na jina lilizaa mambo. Sanda akipunguza mwendo mbele ya mkahawa, mwenyewe anatoka nje kumkazia macho. Akiingia kula, wateja wanaanza kunong'ona. Mpishi anaanza kuulizia kazi kwingine, mwenye nyumba naye anapita eti kusalimia. Watu walijua kwamba Sanda haji bure, basi wakimwona tu wanaona na pikapu nyuma yake hata kama haipo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza supu alimshika mkono kwa heshima zote akamwambia, "Kaka, ukisikia njaa nitumie ujumbe tu. Nitakuletea bakuli nyumbani." Shemeji akaelewa. Kwa miaka saba hakukanyaga mkahawa wowote ulio hai mtaani. Mchana alikuwa anakula mkate na chai bandani kwake, amekalia kiti cha mkahawa fulani marehemu.

Ana binti mmoja tu, na huyo mpwa wangu alikuwa mbali muda wote huo, akipika katika shule ya bweni kwenye mji mwingine. Jina la Sanda alilijua kama utani wa mjomba wake, basi. Alirudi na akiba yake na nia yake, akapanga nyumba ileile ya vigae vyekundu.

"Popote, mwanangu, lakini si pale," baba yake alimwambia.

"Baba, nyumba haiui mkahawa. Kinachoua ni wali mbichi na mhudumu mwenye kisirani."

Ungefanya nini na mtoto kama huyo? Shemeji alikwenda kwa seremala, akaagiza viti ishirini na vinne. Vipya. Mtu aliyegusa viti vyote vya mtaa huu hakuwahi kununua kiti kipya maishani mwake, lakini kwa mwanawe hakutaka kiti kilichowahi kuona msiba. Alivipiga msasa mwenyewe mara ya pili kwa sababu kazi ya seremala haikumridhisha, akavipaka vanishi, akavipeleka alfajiri kabla mtaa haujaamka. Siku ya ufunguzi hakuonekana.

Binti alikuwa amemwekea nafasi karibu na dirisha. Wiki ya kwanza baba alisema tumbo linamsumbua. Wiki ya pili pikapu ilikuwa imekufa betri, kana kwamba kutoka bandani hadi pale kunahitaji gari. Mwezi wa tatu mpwa wangu alivuka barabara akakaa kwenye benchi langu, unga bado uko kwenye viganja.

"Mjomba, niambie ukweli. Baba ananionea haya? Alitaka niendelee kupikia watoto wa watu?"

"Ana kazi nyingi tu."

Hilo ndilo nililomjibu. Ningemweleza sababu, ningelazimika kumweleza ilikotoka, na mimi si mwepesi wa kujichongea.

Mkahawa wenyewe, niseme haki, ulikuwa unakwenda. Wauguzi wa zahanati walikuja kwa makundi, madereva wakaacha kubeba chakula cha nyumbani. Wali wake ulikuwa unachambuka, maharage yake yalikuwa na nazi ya kutosha, na alikuwa anakumbuka nani hali pilipili. Nilianza kufikiri kwamba ule wa kumi ndio utakaozeekea pale. Dada yangu naye alikuwa hampi mumewe nafasi ya kupumua: "Watu baki wanamsifu mwanao, wewe baba yake unazungukia nyuma ya nyumba kama mwizi wa kuku!"

Mwezi wa tano, saa saba mchana, nikamwona. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na viatu nilivyomshonea mimi mwenyewe. Alipanda baraza, akafuta viatu kwenye zulia la mlangoni kwa muda mrefu kuliko viatu vilivyohitaji, akaingia. Wallahi nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasimama, na furaha yangu, kwa bahati mbaya, hutokea mdomoni.

"Sanda!" nikapaza sauti. "Jamani, Sanda kaingia! Haya, nani kafa?"

Hakuna aliyecheka. Kupitia dirishani niliona vichwa vikiinuka kutoka kwenye sahani, kimoja kimoja, vikimgeukia. Yeye alikaa pale alipowekewa. Aliinamisha macho kwenye sahani kama mtoto aliyekatazwa kutazama huku na huku, akala mpaka punje ya mwisho. Binti yake alisimama pembeni amefumbata mikono, uso wake umechanua, hajaona kitu kingine chochote. Kwenye meza ya jirani wanaume wawili waliomba chakula chao kifungwe waondoke nacho.

Keshoyake watu walikuwa wanamwuliza mpwa wangu, "Dada, mnafunga lini?" Alicheka. Juma lililofuata mpishi msaidizi akasema amepata kazi karibu na kwao. Mwenye nyumba alikuja na mgeni, wakasimama katikati ya wateja wakitazama dari. Wauguzi walipungua, kisha wakahamia kwa mwingine, maana nani anataka kuzoea mahali panapofungwa? Mwezi wa saba masufuria yalikuwa yanarudi jikoni nusu. Mimi nilikuwa naenda kila siku, nakula sahani mbili, nashiba mpaka naumwa. Nilimwambia kila aliyeketi kwenye benchi langu kwamba ule ulikuwa utani, kwamba yule ni baba, alikwenda kula kwa mwanawe. Walinitikia kwa huruma, kama unavyomtikia mjomba anayesitiri mambo ya ukoo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini.

Akafunga Jumatatu moja asubuhi. Alimpigia baba yake simu, si ya mtoto kwa baba, bali kama wanavyopiga wengine wote: vyombo vipo, njoo uchukue.

Nilikwenda kusaidia kubeba. Mashuka yalibaki kwenye pikapu. Shemeji hakuweza kuyagusa. Mpwa wangu alikuwa ndani na ndoo ya maji ya sabuni, anafuta meza ambazo hakuna atakayezilia tena. Hakulia. Alimngoja baba yake afike katikati ya chumba.

"Baba, nikuulize kitu. Siku ile ulikuja kula, au ulikuja kuangalia?"

Nikaweka chini viti nilivyobeba. "Mwanangu, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Jina lenyewe nililitunga mimi, baba yako alikuwa anaogopa kukuharibia, ndiyo maana—"

"Nilikusikia, mjomba. Kila mtu alikusikia." Hakunigeukia. "Namwuliza baba."

Shemeji angeweza kudanganya. Mtu mwingine yeyote angedanganya, na uongo wenyewe ungekuwa robo tu ya uongo, maana mimi nilimwona alivyoyafunga macho yake kwenye ile sahani. Nilimtazama nikimwomba moyoni aseme neno moja, kula, amalize.

"Nilikuja kula," alisema. Kisha akashika mgongo wa kiti, kimoja cha vile vipya. "Lakini jokofu niliona halikuwa na kitu upande wa chini. Na mhudumu wako alikuwa amekaa saa saba mchana. Sikutaka kuona, mwanangu. Nikaona."

"Ukajua."

"Nikajua."

"Na hukuniambia."

"Hukuwahi kuniona nimekaa kwako. Nilitaka tu nikae."

Mpwa wangu alimtazama. Nilifikiri atamfukuza, au atamkumbatia, na lolote kati ya hayo ningelipokea kwa shukrani. Alichovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua.

"Basi anzeni na meza za mbele," akasema. "Hizi za nyuma bado sijazifuta."