Shujaa wa Chuma Kwenye Kaunta ya Sabuni

Enzi ya Zaire, pale Kindu, nilikuwa kwenye foleni ya kampuni ya sabuni mchoraji mmoja alipoingia na katuni zake. Shujaa wake, asiyejulikana na mtu, alivaa chuma mwili mzima, uso pia, na mkuki mkononi. Aliomba kampuni ilipie uchapaji, naye shujaa ataitangaza sabuni.

"Sitwayeni, beji ya chama iko wapi?" mkurugenzi akauliza, akimwita "raia" kwa Kifaransa kama tulivyoamriwa sote.

Mchoraji akaichora kifuani mwa shujaa.

"Na huu mukuki, wa kupiga nani? Mu Zaire hakuna adui."

Akaufuta.

"Raia muzuri hafichi sura. Toa hii chuma, umuvalishe abakosti."

Akafuta tena, akachora abakosti, ile suti isiyo na tai ya kila mwanamume wa Zaire. Mkurugenzi akaitazama karatasi, akamrudishia.

"Huyu hapana. Kama huyu tuko nao wengi."

Foleni nzima tuliangua kicheko, hadi tukajiona: abakosti, beji, mikono mitupu.