Jina Lililomnyamazisha Mdogo Wangu

Katoni ikilowa mvua hutoa harufu yake, kama ya uji uliolala na nta ya mshumaa. Niliisikia tena juzi huko Nyamasaria, nimejikinga mvua kwenye kibanda cha muuza viatu, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeinama kusoma maandishi ya ubavuni. Yalikuwa ya sabuni tu. Niwie radhi, wewe unayenisoma, mimi nimelelewa ndani ya katoni.

Chumba chetu cha Manyatta kilikuwa cha mabati, na mabati huchoma mchana na kutoa jasho alfajiri. Kwa hiyo Mama alizibandika katoni kwa ndani, kutoka sakafuni hadi juu. Alizipata kwenye lango la kiwanda cha minofu ya samaki, alikokwenda kila asubuhi kununua migongo wazi. Pengine wewe wa mbali hujui: kiwanda kilitoa nyama yote ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa letu, na kuipeleka Ulaya ndani ya barafu. Kichwa, uti wa mgongo na mkia ndivyo vilivyobaki kwetu, tukaviita mgongo wazi. Mama alivikaanga mpaka vikawa na rangi ya chai ya rangi, na watu wa mtaa wakavinyonya kwa ugali hadi mfupa ukalia. Katoni zilizochanika alipewa bure. Zote zilikuwa na maneno yale yale ya buluu: PERCA DEL NILO.

Mdogo wangu alizaliwa msimu wa mvua, akalia. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, inasemekana kuna marehemu wa ukoo anayetaka kukumbukwa. Wakubwa hutaja majina, moja baada ya jingine, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Dani, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kijaluo, alikuja kutoka Usenge kwa kazi hiyo. Alimpakata mtoto akaanza kuwaita wafu wetu kana kwamba wako nje ya mlango.

"Wewe ni Awino? Wewe ni Apiyo? Ama ni wewe, Aloo?"

Mtoto akazidisha.

"Labda anataka kunyonya tu," alisema jirani yetu Mama Beti.

"Amenyonya. Huyu anadai jina."

Mama alikuwa kitandani. Alikuwa ameshazika mtoto mmoja kabla ya huyu, na nilimwona jinsi alivyoishika shuka. Mimi nilikuwa nimejifunza kuunganisha herufi mwaka ule, kila nilichokiona nilikisoma, na mbele yangu kulikuwa na ukuta tu. Nikasoma kwa sauti: "Perca del Nilo."

Kukabaki sauti ya mvua juu ya bati.

"Soma tena," Dani alisema.

Nikasoma. Mtoto alinitazama, akapiga mwayo, akalala.

"Huyu Perca ni wa wapi?" Dani aliuliza.

Mama alisema labda ndiye mwenye kiwanda.

"Haidhuru. Kuna watu wetu walipotelea Uganda zamani. Kati yao lazima kulikuwa na Perca mmoja. Sasa amerudi."

Basi akawa Perca, na alilipenda jina lake. Mtaa mzima ulikuwa na akina Akinyi kama mimi wa kumwaga, lakini Perca alikuwa peke yake. Hata alijifunza kuliandika kwa mkia mrefu, lipendeze.

Kisha siku moja, Perca akiwa darasa la tano, dereva wa kiwanda alisimama kwenye karai la Mama kununua kichwa. Alimsikia Mama akimwita mtoto, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama Akinyi, kwani mnamwita mtoto mbuta? Perca ni mbuta, kwa Kihispania. Si ndiyo tunapakia kila siku?"

Wateja wakacheka. Mama naye akacheka kidogo, kwa heshima. Kufikia Jumatatu shule yote ilikuwa na habari.

"Perca, leo umekaangwa?"

"Hebu geuka tuone kama mgongo uko wazi."

Aliacha kula samaki. Alimsihi Mama ambadilishie jina, na Mama angekubali, ila Dani alituma ujumbe kutoka Usenge kwamba aliyekuja kwa jina hilo akifukuzwa ataondoka na mtoto. Mama hakuthubutu. Mwishowe mdogo wangu alikwenda kukaa kwa shangazi yetu mjini Sondu, akabatizwa huko, akawa Lilian. Krismasi akija nyumbani, Mama akiita Perca, yeye aliangalia nje ya dirisha.

Mimi nilikuwa nimeshaacha shule darasa la saba, sasa nikaanza kuzunguka. Hayo yana hadithi yake. Mama alipougua nilirudi, na Lilian akaja kutoka Sondu. Macho ya Mama yalikuwa yamefifia. Alisikia hatua, akauliza, "Perca, ni wewe?"

"Ni Lilian, Mama."

"Sawa," Mama alisema, akaomba maji. Wiki hiyo hiyo tukampoteza.

Baada ya mazishi nilizunguka tena. Mwanza nilisikia samaki yule yule akiitwa sangara. Upande wa Uganda ni mputa, na Bunia, Kongo, ni kapiteni. Huko Jinja, nikiosha vyombo kwenye nyumba ya wageni, alipita mwanamke Mhispania, nami nikamuuliza kuhusu perca. Alisema ni samaki mdogo wa mito ya Ulaya, wa kijani, mwenye mistari. Wazungu walipokutana na mbuta wetu mkubwa huku Afrika waliona anafanana na yule wa nyumbani, wakampa jina lake.

Nilisimama na sahani mkononi. Kumbe walifanya kama Dani: mgeni amefika, hajulikani, wakamtafutia jina la mtu wao ili awe wao. Na Dani, aliyezaliwa kabla mbuta hajaletwa ziwani kwetu akiwa mgeni, alijua zaidi ya sote jinsi mgeni anavyopata mahali.

Nilikwenda Sondu kumwambia Lilian. Alikuwa sokoni anapanga viazi vitamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamuuzia mama mmoja fungu, kisha akasema bila kuniangalia, "Siku ile Mama alitaka niitike tu."

"Ndiyo."

"Neno moja."

Nikainama kumsaidia kupanga viazi. Utotoni nilidhani Mama aling'ang'ania jina kwa kumwogopa Dani, au wafu. Ni sasa ninaelewa kwamba alikuwa na mtoto mmoja kaburini na mwingine mikononi, na kila alipoita Perca alikuwa anauliza: bado uko? Siku ile kitandani aliuliza kwa mara ya mwisho, na binti yake, aliyekuwa hai mbele yake, akamwambia ni mtu mwingine.