Mwarobaini wa Kufuli Mbili

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi ubao wa kwanza ulipita mbele yangu katikati ya mto Tana. Ulielea juu kabisa, kama kitu kisicho na uzito, na upande wake mmoja ulikuwa umerandwa. Nilikuwa nimekaa ukingoni, chini kidogo ya mji wa Garissa, na ufito mrefu wenye ndoano ya chuma nchani, nikingoja vitu vya namna hiyo hiyo. Nilifurahi kidogo. Kisha nikajiuliza ubao uliorandwa unafanya nini majini.

Riziki yangu ni cherehani za watu, ambazo nazitengeneza sokoni. Kazi ya ala nilijifundisha mwenyewe. Mwimbaji mmoja wa arusi aliniletea kaban yake iliyovunjika, akidhani kwamba anayejua cherehani anajua kila kitu chenye nyuzi. Kaban ndiyo udi wa Wasomali, na tumbo lake ni la mviringo kama bakuli. Kupinda mbao zikae hivyo kunahitaji vifaa nisivyokuwa navyo, kwa hiyo za kwangu nazipa tumbo la sanduku: uso, mgongo na mbavu nne. Sauti yake ni kavu kidogo, lakini chini ya turubai inasikika hadi nyuma, na waimbaji wameizoea.

Shida ni mti. Mathenge umejaa kila mahali na hauna mwenyewe, lakini ni mzito na umejipinda. Ukipata kipande kilichonyooka chenye urefu wa mkono, umebahatika. Mgunga hupasuka ukikauka, na usipopasuka wadudu huutoboa kwa ndani, ukaja kuona unga mezani na kazi yako imekwisha. Mbao za madukani hufika kutoka nyanda za juu zikiwa mbichi. Nimewahi kwenda hadi kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kununua mbao za makasha yaliyoleta mizigo kambini. Muuzaji alinishushia lundo zima, nami nikaanza kuzigonga moja moja kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, hadi akashindwa kuvumilia. Aliniuliza ni nani anayeishi humo ndani.

Kwa uso wa kaban nataka saipresi ya zamani, nyepesi, ambayo mistari yake imenyooka. Kwa mbavu na shingo nataka mwarobaini uliokomaa, ambao ndani ni mwekundu na mchwa hawaupendi. Saipresi haioti kwetu. Huletwa na mto, vipande vidogo, mvua zikinyesha huko juu. Mwarobaini niliokuwa nikiutaka ulisimama nyuma ya mgongo wangu asubuhi ile, unene wake kama kiuno cha mtu mzima, umenyooka hadi juu ya kichwa kabla ya kutoa tawi. Ulikuwa wa mwenye shamba lile.

Mwenye shamba alikuwa mzee aliyelelewa akichunga upande wa Wajir. Ukame ulipommaliza aliuza ngamia wake wa mwisho, akaja Tana kupanda vitunguu, matikiti na migomba michache. Nilimwita adeer, yaani baba mdogo, kama tunavyowaita huku wanaume waliotuzidi umri. Yeye aliniita fundi.

"Fundi, umevua nini leo?" alisema alipokuja na birika la chai. "Samaki ya mbao bado?"

"Nimeona mmoja, amepita mbali. Adeer, nauliza tena bei ya mti."

"Hii mti haina bei. Ukikata, injini yangu itakaa jua. Na mimi nitakaa wapi nikitaka kukutazama ukihangaika?"

Injini ilikuwa pampu ya dizeli ya kumwagilia shamba, nayo ndiyo ngamia wake wote waliobaki. Nusu ya pampu ilikuwa yake na nusu ya kaka wa mkewe, mfanyabiashara wa mifugo. Msimu mmoja pampu iliazimwa shamba lingine bila mmoja wao kuambiwa, pakawa na ugomvi mkubwa, wazee wakaketi. Uamuzi wao ulikuwa huu: pampu ifungwe kwa mnyororo kwenye mwarobaini, pale pale inapofanyia kazi, na mnyororo uwe na kufuli mbili, kila mmoja na ufunguo wake. Pete za mwisho za mnyororo zilishikwa na kufuli zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo kufungua moja peke yake hakukusaidia kitu. Mnyororo ulipita ndani ya fremu, na bolti za fremu zilichomelewa ili wezi wasizifungue. Atakayevunja kufuli ya mwenzake, wazee walisema, ahesabiwe mwizi, hata kama yake iko wazi.

Shemeji huyo alikuwa Banissa, kule Mandera, kwenye soko la mifugo. Ufunguo wake alikuwa nao mfukoni.

Nilikuwa nimechomeka kijiti mahali maji yalipoishia, kama ninavyofanya kila nikija, ili nisipoteze viatu. Tulipomaliza chai kijiti hakikuonekana. Sikusema kitu. Mto hupanda na kushuka, na wakulima wa ukingoni wamechoka kuonywa na watu wa mjini.

Lakini nilianza kutazama mbao kwa namna nyingine. Kwa kawaida mto ukijaa huleta kwanza takataka za karibu: matawi ya migunga, makuti ya mikoma, makapi ya mahindi. Siku ile hayo yalikuwa machache, na katikati yake palipita vitu vya mbali. Kilipita kigogo cha mkaratusi kilichokatwa kwa mashine. Ukapita mzinga wa nyuki, ule wa gogo lililochimbwa, bado una waya wake wa kuning'inizia. Zikapita mbao tatu za saipresi zikiwa zimeshikana kwa misumari, na mabati yalikuwa yamechanika pembeni zake. Nilivuta ukingoni kipande kimoja, nikakigonga. Kilikuwa kizuri sana. Kilikuwa kimekaa chini ya paa miaka mingi, hakina unyevu hata chembe ndani. Mbao kavu namna ile hazitoki msituni wala kiwandani. Zinatoka nyumbani kwa mtu, na hazikuwa zimelowa muda mrefu.

Maji yalikuwa kimya. Hilo pia halikunipendeza. Tana ikipanda kidogo hupiga kelele kwenye mizizi. Ile ilikuwa imekwisha kuifunika mizizi.

Kabla ya adhuhuri ukaja mlango. Maji yaliuzungusha, yakaugonga ukingo chini ya pampu, na mimi na mwenye shamba tukaunasa kwa ndoano, tukauvuta juu. Ulikuwa mlango mzima pamoja na miimo yake. Mke wa mwenye shamba, aliyekuwa akipalilia vitunguu, alikuja kutazama. Ni yeye aliyeinama na kuonyesha komeo kwa kidole.

"Imefungwa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hii upande ni ya ndani."

Aliyelifunga alikuwa ndani ya nyumba. Mumewe aliutazama mto upande wa juu, akatazama pampu, akatoa simu.

Walizungumza Kisomali, simu ikiwa kwenye spika, naandika nilivyoelewa.

"Shemeji, mto unapanda. Nataka kuitoa pampu."

"Mto wako," ilijibu sauti kutoka Banissa, na nyuma yake nilisikia mbuzi, "hupanda kila nikiwa mbali. Nikirudi nakuta umeshuka na wewe umelala."

"Hii si ya mchezo. Niruhusu nikate kufuli yako. Fundi yuko hapa, ni shahidi."

"Fundi yule wa magitaa? Huyo atakuwa shahidi wa nini? Nitakuja keshokutwa na ufunguo. Usiguse kufuli yangu."

Mke alichukua simu. "Ni mimi. Mto uko mlangoni kwetu."

"Dada, wewe uko upande wa mumeo, na ni haki yako."

"Niko upande wa watoto wangu," alisema, akakata.

Nilikuwa na msumeno wa chuma kwenye mfuko wa vifaa. Nilimwambia mzee kwamba kufuli ni ngumu lakini mnyororo labda ungekatika, tukiwa na subira. Alikataa. Mnyororo walikuwa wameununua pamoja, na neno lilikuwa limetolewa mbele ya watu. Angekata, pampu ingepona na jina lake lingekwenda na maji; na mkewe asingekanyaga tena nyumba ya kaka yake. Nilifikiri ni ukaidi. Sasa sina hakika.

Alikaa juu ya ule mlango, mikono magotini. Maji yalikuwa yameanza kulamba matofali yaliyokuwa chini ya pampu. Halafu aliinua macho, akautazama mwarobaini kutoka chini hadi juu, kama mtu anayekadiria mnyama mnadani.

"Fundi. Wewe ulitaka mti."

"Nilitaka."

"Mti ni yangu. Si ya shemeji. Kata."

Nilielewa. Ukiukata mti juu ya mnyororo, mnyororo unauvua kwenye kisiki kama bangili kwenye mkono, na kufuli zote mbili zinabaki zimefungwa, hazijaguswa na mtu.

Msumeno wa mbao nilikuwa nao, yeye alikuwa na shoka. Alichanja upande wa mto, mimi nikakata upande wa pili, mkewe akitupokea kila mikono ilipochoka. Nilikuwa nimeuwaza mti ule kwa muda mrefu, jinsi nitakavyoupasua kwa utulivu na kuziba ncha za mbao kwa nta zisipasuke. Sasa nilikuwa nikiurarua. Unga wake ulitoka mwekundu na harufu chungu, ndizo mbao nilizozitaka, hasa. Nilijiona nikiusikiliza msumeno kwa sikio la fundi, huku maji yakiwa yameingia viatuni.

Tulipokuwa tumefika katikati ya shina, mwanamke aliacha shoka na kuonyesha ardhi. Nyuma yetu, kati ya mti na vitunguu, ulikuwa umetokea ufa mwembamba, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Ningeweza kuingiza kidole. Tuliendelea. Niliporudi kuutazama ningeweza kuingiza mkono.

"Adeer, ukingo huu unaondoka."

"Basi kata haraka, usiongee."

Mti uliinamia mtoni wenyewe. Ulilia mara moja pale kwenye msumeno, ukaanguka, na Tana ikauchukua kabla majani hayajatulia. Tawi moja tu la chini, lililogonga ukingo na kuvunjika, lilibaki kwetu. Tuliuvua mnyororo. Pampu haikubebeka kwa mikono mitupu kwenye tope lile, kwa hiyo tuliilaza juu ya mlango, mzee mbele, mimi na mkewe nyuma, tukauinua. Tuliruka ufa nayo. Tulipita kwenye vitunguu, kisha kwenye migomba, tukielekea barabarani ambako ardhi imeinuka, na aliyetuona kwa mbali lazima alidhani tumebeba maiti, kwa sababu mwanamume mmoja barabarani alisimama akanyanyua viganja kuomba dua.

Sikugeuka nyuma. Nilisikia ukingo ukishuka majini, sauti nzito isiyo na haraka, na baada yake nyingine.

Jioni hiyo shamba lilikuwa mto. Usiku ule waliokaa chini zaidi yetu walihamia shuleni na misikitini, na barabara ya kuja Garissa ikakatika. Shemeji hakufika keshokutwa. Alifika baada ya wiki nyingi, amepita njia ndefu, amekonda. Alikuta pampu uani kwa mzee, upande wa pili wa barabara ambako maji hayakufika, juu ya mlango, imefunikwa turubai. Aliinama, akaishika kufuli yake, akaigeuza huku na huku, akatazama kila pete ya mnyororo. Mzee alimwacha amalize.

"Hakuna aliyegusa," shemeji alisema.

"Hakuna."

"Na mti?"

"Mti ulikuwa wangu."

Alitoa ufunguo, akafungua ya kwake kwanza. Kisha akakaa chini pale pale kwenye vumbi na kumwomba dada yake chai.

Maji yalipotoka, mahali pa shamba palikuwa na mchanga unaofika kiunoni. Hapakuwa na kitu cha kumwagilia, na ukingo mpya ulikuwa mbali na kila kitu. Nilikwenda kwa mzee kulipia lile tawi, ambalo lilikuwa limenitosha mbavu za kaban moja na shingo.

"Nipe bei, adeer."

"Sasa bei iko," alisema. "Mti ndiyo hakuna."

Hakupokea kitu. Mbavu zile bado zinakauka kivulini kwangu, na zikigongwa zinajibu vizuri kuliko mti wowote niliowahi kushika. Hazina uso. Ubao wa kufaa ninao: mlango uko kwangu tangu pampu ilipoondolewa juu yake, umeegemezwa ukutani, saipresi ya miaka mingi, mistari imenyooka kama uzi, na mara moja niliugonga kwa kifundo cha kidole, nikangoja. Sijaugonga tena. Komeo lake sijalifungua. Nimewaambia wenye magari yanayokuja kutoka juu kwamba mwenye mlango akiuulizia, aje auchukue.

Pampu waliiuza mjini, wakagawana kwa usawa mbele ya wazee wale wale. Sehemu ya mzee, ambayo ndiyo yote iliyookolewa ya shamba lake na ya ngamia wake, ilikuwa shilingi elfu thelathini na mia tano.